Askari wa Kwanza wa Gisa

Buffalo, 11 Januari 2025

Kaka yangu Gatsinzi,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi wazima. Theluji imefika kwenye vioo vya madirisha na Umuhoza hajaenda shule tangu Jumatano. Usishangae kupata karatasi ndani ya bahasha kana kwamba tuko bado kambini. Simu yangu inakaa mikononi mwa Umuhoza kuliko mikononi mwangu, na lolote ninalosema humo linamfikia kaka yake Gisa kabla sijameza mate. Na wewe nikikupigia daima uko kazini. Bon, karatasi utaipokea upende usipende.

Nakuandikia kwa sababu ya Gisa. Ninaogopa kwamba mwanangu anataka kurudi milimani kwetu Kongo kupigana.

Hajaniambia. Tangu Novemba yuko Columbus, anapakia mizigo kwenye ghala, analala nyumbani kwa Clara, yule Mtanzania niliyefua naye shuka za nyumba ya wazee hapa Buffalo kabla hajaolewa huko Hilliard, pembeni ya Columbus. Akinipigia ananiuliza mambo ambayo kijana wa umri wake hamwulizi mama: njia ya kutoka Uvira kupanda kwetu inapita wapi siku hizi, majigambo ya baba yetu, yale mashairi ya kujisifu vitani, yalianzaje. Na katikati ya kila neno, Napoleoni. Napoleoni alivuka huku, Napoleoni alizunguka kule. Nikamwuliza, huyo Napoleoni analipa kodi ya nyumba? Akacheka, akasema mjomba anamweleza vizuri sana.

Donc, ni wewe. Kila Jumamosi unaingia kwenye lile kundi lenu la simu, vijana wetu wa Louisville, Columbus na huku Buffalo wanakusikiliza, na wewe unampamba huyo kaizari kama bibi harusi. Umuhoza huniwekea sauti yako nikiwa napika. Nakubali, kusimulia unajua, mpaka maharagwe yameniungulia. Lakini sijakusikia hata mara moja ukieleza namna alivyokwisha.

Nakuomba mambo mawili. Niambie kweli kama Gisa amekuambia lolote. Na Jumamosi ijayo waambie hao watoto mwisho wa huyo mtu.

Dada yako,
Bamurange


Newburg, Louisville, 18 Januari 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Barua nimeipata na maharagwe yako nimeyahurumia. Huko Buffalo theluji ni nyingi mno, sasa imeingia hadi kwenye mawazo yako.

Nisikilize kidogo kabla hujanikasirikia. Miaka yote niliyofundisha historia kule nyumbani sikuwahi kupata darasa kama hili. Hawa ni vijana wanaotoka zamu miguu imevimba, na bado wanafungua simu kumsikiliza mzee anayefunga makartoni ghalani South End. Unajua kwa nini nilimchagua yule mtu? Kwa sababu ni mtoto wa kisiwa. Corsica ilikabidhiwa Ufaransa mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Alipopelekwa shule akachekwa lafudhi, akachekwa jina, akaambiwa wewe si Mfaransa. Vijana wetu wameambiwa mara ngapi kwamba wao si Wakongo? Nilipofika hapo, siku ya kwanza, hakuna aliyekohoa.

Kisha mtoto huyohuyo anaivusha mizinga milima ya Alpi, anaitwaa Italia, anajivika taji kwa mikono yake. Ulinisikia siku ya Austerlitz? Ukungu umelala bondeni. Warusi na Waaustria wako juu ya kilima, wengi kuliko yeye. Anaudhoofisha upande wake wa kulia makusudi, kama mtu aliyeacha lango la zizi wazi. Wanashuka kuufuata. Kilima kinabaki kitupu, jua linatoka, na askari wake wanapanda kutoka ndani ya ukungu. Jioni ilipofika, majeshi ya makaizari wawili yalikuwa yametawanyika. Mwaka uliofuata yuko Berlin. Mwaka wa tatu kaizari wa Urusi mwenyewe anakuja kuonana naye juu ya chelezo katikati ya mto, na karibu bara zima la Ulaya haligeuki kitandani bila ruhusa yake.

Nimeishia hapo, juu ya chelezo. Unaniuliza mwisho. Wewe, binti wa baba yetu? Ni lini ulimsikia baba akijigamba kwa kilima alichofukuzwa? Majigambo huishia penye ushindi. Anayejigamba hataji maiti za upande wake. Hao hutajwa na wanawake, ndani, kwa sauti ya chini. Ndivyo tulivyokuzwa, na mimi sijui kusimulia kwa namna nyingine.

Gisa alipita hapa kabla ya Krismasi. Tulikula, tukasali, akaaga. Ni kijana mwenye adabu. Hakuna zaidi. Acha kujitafutia homa.

Kaka yako,
Gatsinzi


Hilliard, Ohio, 27 Januari 2025

Dada Bamurange,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua ninyi walokole hamwitikii hiyo, lakini itikia tu, mimi sitamwambia mchungaji wako.

Uliniomba nimchunguze Gisa, na nimekuwa mpelelezi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nianze na mazuri. Kijana wako hana kasoro. Asubuhi anatutolea theluji mlangoni kabla hajaenda kazini, sahani anaosha, na mume wangu Revokatus siku hizi anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Ndiyo maana ninachokuandikia hapa kinaniuma.

Kila Jumamosi anakuja mwenzake mmoja wa kazini, Rumenge, mtoto wa Dorcas wa kule Newburg anakokaa kaka yako. Wanashuka chumba cha chini, wanamsikiliza mwalimu wao, kisha wanabaki huko saa nzima. Juzi nilishuka na chai bila kubisha hodi. Ukutani kuna ramani mbili. Moja ni ya Ulaya, ina mishale ya rangi. Ya pili ni ya milima yenu, dada, ina mishale ya rangi zilezile. Kushoto wameandika Rumenge. Katikati wameandika Gisa.

Jana akamwomba Revokatus aache gari lake uani kwetu kuanzia tarehe ishirini na tano Februari. Revokatus akamwuliza kwa muda gani. Akasema mpaka watakapomaliza. Tiketi wamekwisha kununua, wote wawili, mpaka Bujumbura. Nilimwuliza usoni kama mama yake anajua. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Tantine, mama hana tena neno. Mjomba alishanipatiaka maziwa."

Mimi nikafikiri ni maziwa ya chai. Nikamwambia hata mimi ninayo kwenye friji, galoni nzima. Hakucheka. Tafadhali nieleze hayo maziwa ni maziwa gani. Na ukisema niifiche pasipoti yake, naifukia kwenye ndoo ya unga wa muhogo, haipatikani mpaka Pasaka.

Wako,
Clara


Buffalo, 1 Februari 2025

Gatsinzi,

Leo sikusalimu.

Umempa mwanangu maziwa. Clara hajui maana yake, amenieleza kama anayesimulia kichekesho, na mimi nimesoma nimesimama katikati ya jikoni nikashindwa kukaa. Wewe unajua. Mjomba akishamnywesha kijana, akamwambia nenda, ushinde, urudi, safari imefungwa. Mama anabaki kupiga vigelegele. Nikilia sasa watasema ninamwekea mkosi njiani. Umenifunga mdomo kwa mwanangu niliyembeba mgongoni kutoka milimani hadi ziwani, na baba yake tumemwacha nyuma bila kaburi.

Na ukaniandikia: tulikula, tukasali, akaaga. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi dada yako wa pekee.

Unasema maiti hutajwa na wanawake, ndani. Ni kweli. Mimi nimewataja. Mume wangu, ndugu zetu wawili, watoto wa shangazi. Nimewataja mpaka sauti imeisha, na wewe kila Jumamosi unatutengenezea wengine.

Clara anataka kuificha pasipoti. Nimemkataza. Gisa akifichiwa hiyo atatafuta nyingine, na atapata pia sababu ya kutorudi kwangu. Kamba umefunga wewe, ifungue wewe. Sitaki kusikia habari za desturi. Waambie hao watoto habari za theluji. Mimi ninaishi ndani yake, ninajua inavyofanya vidole.

Bamurange


Newburg, Louisville, 9 Februari 2025

Dada yangu,

Umeniita kwa jina tupu na nimestahili.

Gisa alikuja Jumapili moja kabla ya Krismasi, baada ya ibada, amevaa suti. Akapiga magoti juu ya zulia langu, akasema anasafiri, anaomba maziwa. Hapa vijana wetu hata kibuyu cha maziwa hawakijui kwa sura, na huyu anapiga magoti. Nilivikwa kilemba cha ukoka nami nikakikaza vizuri kichwani. Sikumwuliza anakwenda wapi. Alikuwa akizungumzia leseni ya malori makubwa, nikadhani anaanza kuzunguka majimbo. Kibuyu sina, nikatumia kikombe cha kahawa na maziwa ya dukani. Maneno nilisema yote, bila kuruka hata moja, na nilijisikia mtu mkubwa.

Barua yako ya kwanza ilipofika nikaelewa. Nikaogopa, nikaficha. Ndiyo maana tangu hapo sichukui simu, kwa sababu kwenye simu ungenisikia sauti. Sasa nimempigia Gisa, nimemwambia nilikosea. Akanijibu kwa heshima kwamba mjomba hakosei kwa jambo kama hilo. Maji yakimwagika hayazoleki, Bamurange. Mjomba akishasema nenda, hana neno la kusema usiende.

Kwa hiyo jana nilivunja desturi ya baba. Niliwapeleka Urusi. Nikawaambia kwamba waliovuka mto uleule wa chelezo kuingia Urusi mwezi wa Juni walikuwa zaidi ya laki tano, na karibu nusu yao hawakuwa Wafaransa. Walikuwa watoto wa nchi alizozishinda, wamevalishwa sare. Nikawaambia alivyoingia Moscow na mji ukawaka moto, akakaa akisubiri barua ya amani isiyokuja, kisha akageuka na theluji ikamkuta njiani. Nikawaeleza wajenzi wa madaraja waliosimama ndani ya mto Berezina, maji ya barafu yakiwafika kifuani, ili wenzao wavuke. Na kwamba baada ya hapo kaizari alipanda kigari cha kuteleza juu ya theluji, akawahi kurudi Paris, jeshi akaliacha huko huko. Tangazo lake lilimalizia kwa kuwaambia watu kwamba afya yake haijapata kuwa njema kama wakati ule.

Nilimaliza. Nikamshukuru Mungu, nikadhani wamesikia. Ndipo sauti ya Gisa ikaja: "Mjomba, mi naona kosa yake. Alikawia sana Moscow. Siye hatutakawia."

Baada yake wakafunguka wote. Mmoja akazungumzia viatu, mwingine njia za chakula. Rumenge akauliza kwa nini farasi hawakupigwa misumari ya barafu kwenye kwato. Niliwapa mazishi, wao wakachukua somo la vita. Wazee husema sikio la kufa halisikii dawa, lakini mimi nadhani dawa yenyewe niliipika kwenye sufuria ileile ya ugonjwa. Nimeshindwa kusimulia kifo bila kukifanya kitamu.

Sijui nifanye nini. Nakuandikia ili ujue kwamba sijui.

Kaka yako,
Gatsinzi


Columbus, 13 Februari 2025

Mjomba wangu,

Salamu nyingi. Naandika kwa mkono kwa sababu wewe ulinifundisha kwamba mtu mkubwa haandikiwi ujumbe wa simu. Nisamehe makosa ya Kiswahili, shule nilisomea huku.

Najua mama analia. Mwambie simdharau. Lakini wewe ulikimbia ukiwa mtu mzima, mimi nilibebwa. Nyumba ya babu sijaiona ila kwenye video, na kwenye video ilikuwa inaungua. Siku hiyo nilikuwa kazini, mapumziko ya chakula. Nikaitazama, kengele ikalia, nikarudi kupakia masanduku ya viatu vya watu. Tangu hapo sijalala vizuri. Mjomba, mimi nina nguvu, nina akili, na hapa naitwa kwa jina la mashine ninayoendesha.

Vita vyote vya Napoleoni nimevishika kuliko masomo yote niliyosoma. Najua kuacha upande mmoja uonekane dhaifu. Najua kufika kabla hujategemewa. Kule wapiganaji wetu wanatusubiri. Wamesema mtu aliyesoma atapewa watu wa kuongoza. Na yeye alianza na wachache, tena wasio na viatu.

Ulinipa maziwa kwa mkono wako na mimi nitalinda neno lako. Nitashinda, nitarudi. Tunaondoka Jumanne tarehe 25. Nakuomba usije kuniaga, nitaona haya kulia mbele ya Rumenge.

Mpwa wako,
Gisa


Hilliard, Ohio, 26 Februari 2025

Dada Bamurange,

Jana kwenye simu nilikuambia maneno mawili ukaanza kulia, na Umuhoza akaichukua simu, na mimi nikaanza kulia, tukawa wapumbavu wawili wa kulipia dakika. Kaa sasa nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu nilikuwapo na sikupitwa na kitu.

Jumapili tumetoka misa, nimeweka ndizi na maharage jikoni, Gisa na Rumenge wako mezani. Kengele ya mlango ikalia. Nikafungua, nikamwona mzee mrefu, kofia kichwani, begi kubwa begani. Akasema yeye ni Gatsinzi na ametoka Louisville kwa basi. Sura yenu moja, sikuhitaji kuuliza mara ya pili.

Gisa alisimama kwa heshima lakini uso ulimbadilika. Akasema, "Mjomba, nilikuombaka usikuje kuniaga."

Kaka yako akasema hakuja kuaga. Akavua kofia, akaketi, akatoa tiketi, akaiweka mezani karibu na sufuria. Ndege ileile, siku ileile. Alikuwa ameacha kazi Ijumaa. Akasema hivi, dada, nakuandikia kama alivyosema: "Maziwa nilikupa na siwezi kuyarudisha. Lakini aliyekunywesha ana haki ya kutangulia. Unakwenda, nami nakwenda."

Rumenge akatazama chini. Gisa akajaribu kumtuliza, akamwambia amezeeka, ana presha, apumzike. Mzee akamkatiza taratibu. "Wamekuambia utapewa watu wa kuongoza. Wa kwanza ni mimi. Niamuru. Unaniweka wapi?"

Gisa akacheka, kicheko cha aibu. "Na magoti yako hayo, mjomba?"

"Kaizari hakuuliza habari za magoti. Kushoto, katikati, au kulia?"

Revokatus aliacha kutafuna. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko na sikujua niuweke wapi. Gisa alifikiri kweli, nilimwona, akafikiri kama mtu anayetazama ramani. Mwishowe akasema mjomba atabaki nyuma, pamoja na chakula.

"Sawa," mzee akasema. "Nyuma ndiko walikokufa wengi, lakini sawa, nyuma. Sasa tuseme wametushinda na mnarudi haraka. Mimi siwezi kukimbia. Utaniacha?"

"Siwezi kukuacha."

"Yeye aliweza. Ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Huwezi kuongoza watu kama huwezi kumwacha mmoja wao kwenye theluji, ukale, ulale. Hao wengine utakaopewa sura zao hutazijua, itakuwa rahisi. Anza na mimi. Jifunze. Niambie hapa, mbele ya hawa, kwamba utaniacha, na Jumanne nabeba begi langu."

Gisa alifungua mdomo. Naapa alitaka kusema. Alimtazama Rumenge, akamtazama mjomba wake, na neno halikutoka. Akasukuma kiti, akatoka nje bila koti, akaingia ndani ya gari lake, akakaa humo bila kuwasha injini. Revokatus alitaka kumfuata, nikamshika shati. Ndizi zikapoa. Kaka yako alikaa palepale, mikono juu ya magoti, na mimi nilijua kwamba hachezi. Kama Gisa angerudi na kusema twende, yule mzee angekwenda.

Aliporudi alikuwa anatetemeka kwa baridi. Alichukua begi la mjomba wake, akalishusha chumba cha chini, akaliweka kitandani kwake mwenyewe, akatandika blanketi sakafuni. Jumatatu nzima hakuna aliyetaja safari. Usiniulize tulivyokula siku hiyo.

Jumanne asubuhi Rumenge alifika na gari la binamu yake kumchukua. Gisa akatoka mikono mitupu. Walisimama uani wakazungumza kwa kilugha chenu, kwa muda, na Rumenge akamshika bega. Kisha Rumenge akamwaga, akaelekea garini. Gisa akaingia ndani akaniuliza kama kuna chakula.

Hajaondoka, mama Gisa. Yuko chini, amelala, na ramani ziko bado ukutani. Sijathubutu kuzigusa.

Clara


Buffalo, 2 Machi 2025

Kaka yangu Gatsinzi,

Bwana asifiwe, na safari hii nakusalimu kwa moyo wote.

Clara ameniandikia yote. Nimesoma, nimepiga magoti, nimesoma tena. Kisha hasira ikanirudia, donc vumilia. Nani alikuruhusu kununua tiketi? Ningebaki na nani? Ulitaka niwapoteze wawili kwa ndege moja? Nakushukuru na ninataka kukuchapa, vyote pamoja, wala sijui kipi kianze.

Nijibu jambo moja, na usinipambe. Ungekwenda kweli? Au ulikuwa unamtisha mtoto?

Na Dorcas anaendeleaje? Nimempigia, hapokei. Sijui hata ningemwambia nini, mimi ambaye wangu amebaki.

Dada yako,
Bamurange


Newburg, Louisville, 8 Machi 2025

Mdogo wangu,

Gisa atakuwa kwako Ijumaa. Usimwulize lolote, mpe chakula. Amebadilishana zamu na wenzake na anataka kukaa wiki. Kazini kwangu wamenirudisha, wakaniweka sehemu ya friji ambako vijana hawapendi kukaa, na msimamizi amenicheka mpaka akaketi. Nimekubali kuchekwa.

Umeniuliza kama ningekwenda. Ningekwenda. Njia nzima ndani ya basi nilikuwa nikiomba Gisa aseme neno lolote isipokuwa lile nililokuwa nakwenda kumtaka aseme. Lakini ningepanda ile ndege. Alikuwa ni Gisa. Nilimpa maziwa mimi.

Sasa nikueleze ambalo Clara hakuliona, kwa kuwa lilitokea nyuma ya gari. Gisa alipoingia ndani, mimi nilimfuata Rumenge uani. Nikamwambia asiende. Nikamwambia kwamba tiketi ninayo, akienda nitakwenda naye, nitakuwa askari wake vilevile, aniweke anapotaka. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa adabu kabisa. Akasema, "Papa Gatsinzi, weye ni mjomba wa Gisa." Akaingia garini.

Mlango wa abiria ulikuwa upande wangu, na kiti kilikuwa kitupu. Haukufungwa kwa ufunguo. Nilisimama pale mpaka gari likakunja kona.

Unajua habari za Dorcas. Alikuwa na kaka watatu na wote walifia kule. Rumenge hana mjomba. Hakuna mtu aliyempa maziwa, hakuna aliyekuwa na neno la kurudisha au la kutangulia. Alikuwa na mimi tu, sauti ya Jumamosi, na alinisikiliza vizuri kuliko wote. Yeye ndiye aliyeuliza habari za kwato za farasi.

Hajapiga simu tangu alipofika Bujumbura. Kundi la Jumamosi nimelifunga, na wananiandikia kuuliza kwa nini.

Alhamisi Dorcas alikuja kwangu akitoka kazini, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee. Nilimpa kiti na chai. Nilijiandaa atanitukana, na ningemshukuru. Hakutukana. Akasema mwanawe alikuwa akimtaja mtu mmoja kila siku, na yeye alikuwa hasikilizi kwa sababu ya uchovu, na sasa anataka kumjua ni nani. Nikamsimulia. Nilianzia Urusi, nikaishia hapo hapo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika kikombe.

Kisha akaniuliza kama ni kweli, wanavyosema watu wa Columbus, kwamba siku ile nilikuwa na tiketi mfukoni.

Nikamwambia nilikuwa nayo.

Aliweka kikombe mezani, akavaa koti, akanishukuru kwa chai. Nilitaka kumsindikiza akakataa. Nilimwona dirishani akisubiri basi, na lilikawia sana kuja.

Kaka yako,
Gatsinzi